Posa ya Bi Kidawa

Bi Kidawa, tajiri wa nyumba za kupangisha, alimshtaki Shehoza, mumewe wa zamani, akidai matunzo. Kesi ikawa inapigwa kalenda tu, Shehoza akakonda kama ufito. Mkewe mpya, Mwatumu, alipochoka kuuguza mtu asiye na homa, akajitanda kanga akaenda kwa Bi Kidawa.

"Dada, kuna tajiri wa Pangani anataka kukuletea posa. Ila anasema mwanamke mwenye kesi bado anamtaka mume wake wa zamani."

"Mimi? Nimtake ufito ule!"

Kesho yake Bi Kidawa akaifuta kesi, akabadilisha mapazia, akangoja. Kimya. Akamfuata Mwatumu.

"Posa iko wapi?"

"Aliahirisha, dada. Kasema mwanamke anayeachia haki yake kirahisi hivyo, mali ya mumewe ataiweza?"