Siku Fisi Alipoifuta Kodi ya Mapato

Mwaka huo mvua iliwasahau kabisa wanyama wa Nyikani. Mto ulikauka mpaka mamba akawa analala kwa wifi yake, na vyura wakahama bila kumuaga mtu. Kilichobaki ni kisima kimoja tu, kilichochimbwa katikati ya mchanga wa mto, nacho maji yake yalizidi kushuka kila kukicha. Ndiyo maana kila siku Ngiri na wanawe sita waliingia shimoni wakachimba dhiraa moja zaidi. Wasipochimba leo, kesho hakuna anayekunywa.

Anayechimba kutwa hana wasaa wa kujitafutia chakula. Kwa hiyo Mfalme Simba aliweka kodi ya mapato. Kila anayepata kitu, iwe majani, matunda au nyama, alitoa sehemu moja katika kumi ikaenda kwa Ngiri na wanawe. Mkusanyaji alikuwa Bi Kobe, kwa sababu yeye peke yake ndiye ambaye hakuna aliyehofia atakimbia na mali ya umma. Kila asubuhi alipita mlango kwa mlango na swali lake moja: "Jana umepata nini?"

Hakuna swali lililomchefua Fisi kama hilo.

Mwaka huo Fisi alipata kuliko wanyama wote. Ukame unaua, na panapotokea msiba Fisi ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Lakini mwenyewe hakujiona kama ana kitu. Alijiona maskini wa Mungu, tena anayeonewa. Akimwona Bi Kobe anakuja, hukalia nyama yake haraka na kujitia ugonjwa.

"Jana umepata nini, Bwana Fisi?"

"Homa."

"Na hilo ulilokalia?"

"Kiti."

"Bwana Fisi, kiti kina kwato?"

Basi Fisi hukata kipande kimoja katika kumi huku akitokwa na machozi ya kweli. Msidhani alikuwa anaigiza. Kipande kile kilimuuma kama kimekatwa kwenye paja lake. Na vile vipande vingine alivyovificha kichakani, Bi Kobe hakuvijua.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. "Mke wangu," akasema, "kodi hii itaniua. Mtu unapata kwa jasho lako, halafu anakuja Kobe kukugawia."

"Jasho lipi?" mkewe akauliza. "Si yule nyati alijifia mwenyewe?"

"Nilitoka jasho njiani nikimkimbilia," Fisi akajibu, akashika njia kwenda kwa Simba.

Alimkuta Mfalme akichana nywele zake za shingoni, kazi iliyomchukua nusu ya siku. Fisi akapiga magoti. "Mtukufu, kuna jambo linaniuma kwa niaba yako. Hivi yule Kobe anakuuliza hata wewe umepata nini?"

"Ndiyo, huniuliza kila asubuhi," akasema Simba.

"Mfalme mzima! Anaulizwa mapato kama mchuuzi wa karanga!"

Simba hakuwahi kuliona jambo hilo kuwa tusi. Dakika hiyohiyo akaliona, akalichukia kwa moyo wake wote, akaagiza mkutano uitishwe.

Wanyama wote wakakusanyika mtoni, kwenye mchanga, hatua chache kutoka kisimani. Sungura naye alikuwepo, kakaa mbele, kashika jani kubwa alilokuwa ameliandikia hoja kumi na saba za kuitetea kodi. Alikuwa na watoto tisa nyumbani wenye kiu, na alijua kodi ikifa, kisima nacho kimekufa.

Fisi akasimama, akakohoa kidogo kama wanavyokohoa wakubwa.

"Ndugu zangu! Kodi ya mapato inamwadhibu mchapakazi. Aliyelala halipi, aliyeamka analipa! Tukiifuta, kila mmoja atafanya bidii, matajiri wa nchi jirani watahamia kwetu, na nyama itajaa hapa mpaka tuione kero!"

Makofi yakalipuka. Hata Swala, ambaye wingi wa nyama ungemhusu kwa njia nyingine, alipiga makofi. "Kweli kabisa," akasema. "Mimi nikipata majani kumi, moja si langu, na hapa nilipo nanyonyesha."

Sungura akatazama hoja zake kumi na saba, akatazama umati ulivyochangamka, akajua kuwa hata hoja mia zisingefua dafu siku hiyo.

Hapo kichwa cha Ngiri kikachomoza kutoka kisimani, mchanga umejaa hadi kwenye kope. "Mimi sina ugomvi na mtu," akasema. "Nauliza tu. Mkishaifuta, sisi tutakula nini?"

"Mtakula heshima," Fisi akamjibu. "Taifa litawakumbuka."

"Heshima naijua," akasema Ngiri. "Nimewahi kuwapikia watoto. Wote sita waliamka na njaa." Akapanda juu, akawaita wanawe, wakajilaza mchangani mmoja baada ya mwingine. "Mkikubaliana mtuamshe."

Kila mmoja alisikia jinsi kisima kilivyonyamaza, akakumbuka kiu ya kesho. Basi wakaanza kutafuta kodi nyingine haraka haraka. Twiga akapendekeza kodi ya milia. Punda Milia akaruka juu, akapendekeza kodi ya shingo, itozwe kwa urefu. Tembo akasema watozwe wadogo, kwa kuwa wako wengi. Panya wakapiga kelele kwamba watozwe wanaokanyaga wenzao. Kwa muda mfupi kila mmoja alikuwa ameshakitoza kodi kila kitu ambacho yeye hana, na Simba ilimbidi angurume mara mbili ili wakae chini.

Fisi akaona hapa ndipo pa kupata sifa zaidi.

"Kodi isiwekwe kwenye kupata," akasema. "Iwekwe kwenye kula! Anayekula sana alipe sana. Sisi tunaokula kidogo tumewabeba walafi kwa muda mrefu, na mimi nasema imetosha!"

Punda Milia akamtazama Twiga. Tembo akageuka kuangalia mlima ambao ameuona tangu azaliwe. Swala alipaliwa na mate.

Maana Fisi hakuwa anatania. Tangu utoto wake hakuwahi kujiona anakula, kwa sababu akianza kula hufumba macho. Akiyafumbua anakuta hakuna kitu mbele yake, naye huona uchungu kwamba siku nyingine imepita bila yeye kupata chochote cha maana.

Sungura akalikunja lile jani lake polepole, akalitia mdomoni, akalitafuna na hoja zake zote kumi na saba. Kisha akasimama.

"Mheshimiwa Fisi, nataka kuwa na hakika nimekusikia. Walipe wanaokula sana?"

"Ndiyo."

"Kwa tonge?"

"Kwa kila tonge!"

"Bila kumwonea haya mtu, hata awe nani?"

"Hasa huyo nani!"

"Basi namuunga mkono mheshimiwa," akasema Sungura. "Ila tusiwaonee wenye matumbo madogo kama yeye. Matonge kumi ya kwanza kila siku yawe bure. Yakizidi hapo, kwa kila tonge mtu analokula, atoe jingine kama hilo kwa Ngiri."

Fisi alimkumbatia. Kumi! Mtu mwenye akili zake atakula matonge kumi ya nini?

"Mfalme hahesabiwi matonge," Simba akasema, amevimba. "Mfalme atatoa paja zima kila siku kwa hiari yake."

Sungura akawahi kupiga makofi, wote wakamfuata, wakapiga kwa nguvu na kwa muda mrefu hata Simba akakosa mahali pa kuingiza neno la kupunguza. Kodi ya mapato ikafutwa siku hiyo, kodi ya matonge ikawekwa. Ngiri akaamshwa, akarudi shimoni. Fisi alibebwa juu juu mpaka kwake, akishangiliwa kuliko bwana harusi.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. "Matonge kumi," akasema. "Mume wangu, leo asubuhi, kabla ya chakula, ulikula mangapi?"

"Kabla ya chakula? Sikula kitu."

"Na ule ubavu?"

"Ule nilionja."

Mkewe akaketi chini, akacheka mpaka akashika mbavu zake mwenyewe.

Kulipokucha Bi Kobe akaja na mfuko wa kokoto. Safari hii hakuuliza kitu. Alijikalisha karibu na sinia la Fisi, akamkaribisha kama mwenyeji. "Karibu ule, Bwana Fisi."

Fisi akafumba macho.

"Kumi," akasema Bi Kobe.

"Umeanza kuhesabu lini wewe?"

"Ulipoanza kula."

"Lakini sijaanza!" akasema Fisi, na kinywa chake kimejaa hata maneno yakatoka pembeni.

Kufika adhuhuri nusu ya nyati ilikuwa kwa Ngiri. Wala hapakuwa na namna ya kukalia kitu, kwa kuwa mtu hawezi kula alichokikalia. Wana wa Ngiri wakashiba, wakachimba dhiraa mbili badala ya moja, na maji yakapanda mpaka watoto wa Sungura wakafika kuyachezea. Swala alikula matonge yake sita, hakudaiwa kitu, akaenda kulala na mwanawe. Fisi peke yake alirudi nyumbani na njaa, na njaa ile ilimliza.

Siku ya tatu akapata wazo, na kwa Fisi wazo ni jambo la kuogopwa. Sheria inahesabu matonge. Je, imesema tonge liwe kubwa kiasi gani? Haikusema! Basi akalichukua paja zima la nyati, pamoja na mguu wake hadi kwato, akatanua kinywa mpaka masikio yakagusana kisogoni, akalisukumiza ndani kwa mkupuo mmoja.

"Moja," akasema Bi Kobe, na kwa haki kabisa akaweka kokoto moja tu.

Fisi alitaka kucheka kwa ushindi. Hakuweza. Paja lilikuwa limekwama kukingama, kwato limetokea shavu la kushoto na goti shavu la kulia. Hakuweza kumeza, kutema, wala kunywa maji. Akatoka mbio hadi kwa Simba, na Mfalme alipoliona lile kwato likimjia alirudi nyuma hatua mbili, ingawa baadaye alikana. Wanyama wakajaa.

"Aaagh! Uuuh-agh!" akasema Fisi.

"Anasemaje?" Simba akauliza.

"Anaipongeza serikali kwa sheria nzuri," akafasiri Sungura.

Fisi akatikisa kichwa kwa hasira, kwato likampiga Twiga gotini. "Aaagh!"

"Anasema asisaidiwe kwanza, bado anafaidi."

Fisi akaanguka kifudifudi, machozi yakamtoka kama mvua waliyonyimwa. Hapo hata Sungura akaacha mzaha. "Ana kiu, Mtukufu. Aitwe Ngiri."

Ngiri akaja, akaingiza jino lake refu chini ya goti la nyati, akaweka mguu kwenye paji la uso wa Fisi, wanawe sita wakamshika mkia wakapangana nyuma. Wakavuta. Paja likatoka kwa mlio wa kizibo, familia nzima ikaangukiana, na nyama ikatua katikati yao. Kwa kuwa lilikuwa tonge ambalo halikumezwa, na waliolitoa walikuwa wamelipata kwa jasho, hakuna aliyelidai. Wakaanza kulila palepale.

"Irudisheni!" Fisi akalia, taya zikiwa bado wazi. "Irudisheni kodi ya mapato! Moja katika kumi! Haya, mbili katika kumi!"

"Ile inayomwadhibu mchapakazi?" Sungura akauliza.

Wanyama wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Lakini Simba hakucheka. Alikuwa na majivuno yake, ila leo alimwonea Fisi huruma.

"Neno la mfalme halibadilishwi ovyo," akasema. "Lakini sheria hii uliileta wewe, na wewe nakuruhusu uiondoe. Simama mbele yetu useme inakuumiza kwa sababu gani. Useme kweli, nami naifuta sasa hivi."

Wote walilijua lile neno. Fisi naye alilijua, nadhani, mahali fulani ndani kabisa. Lilikuwa neno dogo: mimi hula sana. Akilisema tu, kesho Bi Kobe hatakuja na kokoto zake, na vichaka vyote vya kufichia nyama vitakuwa vyake tena. Mkewe, aliyekuwa nyuma ya umati, alifumbata mikono kifuani akimwombea alitamke.

Fisi akafungua kinywa. Akalitazama paja likiisha kwa wana wa Ngiri. Akameza mate.

"Mimi hula kidogo tu," akasema. "Ni Kobe asiyejua kuhesabu."

"Kumbe," akasema Simba, akainuka, akajikung'uta mchanga. "Basi kwa mtu anayekula kidogo sheria hii haina madhara. Ibaki."

Na imebaki. Ukimwona fisi anakula, utaona anakwenda mbio mbio huku akigeuka nyuma kila mara. Watu husema anamwogopa simba, kumbe anamtafuta Bi Kobe kwa macho. Wewe nawe ukitaka kuwatungia wenzako kodi, anza kwa kulihesabu sinia lako, na ulihesabu macho yakiwa wazi. Mimi nimefika mwisho wa kusema, na kisima cha Nyikani mpaka sasa kina maji.