Kiti cha Mzee Nungu

Paukwa, wajukuu zangu!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na gari!
La nani?
La marehemu!
Haya, sogezeni mkeka, na anayesinzia asimwegemee mwenzake.

Alikuwapo Bi Nungu, mjane, na uani kwake kulikuwa na gari alilomwachia mumewe. Gari la zamani hilo, madigadi yake mviringo, taa zimetoka nje kama macho ya chura. Likienda lilisema: taratibu-tu, taratibu-tu, taratibu-tu. Mzee Nungu aliliendesha miaka thelathini, na nungunungu, mnajua wenyewe, hakai mahali pasibaki na habari. Kiti cha dereva kilijaa matundu ya miiba yake, na katikati kishimo cha makalio yake. Kila alasiri Bi Nungu aliketi kiti cha pembeni, akaweka mkono kwenye kile kishimo, akamsimulia marehemu mambo ya mji. Kaburi la kuzuru hakuwa nalo. Mzee alichukuliwa na mto.

Siku hiyo akaja Chui, jitu la kucha, lisiloshiba.

"Gari hili nalichukua. Nitalifumua, nilitie injini ya lori, lingurume mpaka mlima ukohoe."

"Mwanangu, sina kingine."

"Gari lisilo na mbio ni banda la kuku, mama."

"Basi niachie kiti."

"Kile cha matundu? Unataka kuchujia nazi?"

Akalivuta, kra-kra-kra, akaenda nalo.

Mji ukagawanyika. Kanga akalia, "Cha kale hakiguswi! Kukifumua ni kufukua maiti!" Kima akajibu, "Chuma hakina ukoo! Afadhali kingurume kuliko kuota kutu!" Wakabishana mpaka jua likachoka. Bi Nungu hakuulizwa na mtu.

Gereji mjini ilikuwa moja tu, ya Fundi Pimbi. Mdogo, mkia hana, lakini akili zimejaa hadi kisogoni. Bi Nungu akamwendea kabla ya Chui.

"Fundi, nirudishie gari langu."

"Bi mkubwa, nenda kapumzike."

Chui alipofika, Pimbi akalizunguka gari, akaguna.

"Bwana Chui, mbio ni wepesi. Paa hili zito. Tulifanyeje?"

"Tupa!"

Gwa! likaangukia nyuma ya gereji.

"Milango hii mizito. Tuifanyeje?"

"Tupa!"

Gwa! Gwa!

"Viti hivi?"

"Tupa!"

"Injini hii ya kizee? Magurudumu haya membamba? Fremu hii ya chuma, na mianzi ipo?"

"Tupa! Tupa! Tupa!"

"Na breki, bwana? Kwani una mpango wa kusimama?"

"Mimi, Chui, nisimame? Tupa!"

Kring!

Basi Chui akapanda mianzi iliyofungwa injini na magurudumu ya lori. Vruuuum! Akapita sokoni, akapita kisimani, mlima ukakohoa kweli, na mto haukumpisha. Chubwi! Akatoka amelowa, mkono mtupu. Tangu siku ile chui hutembea kimya.

Nyuma ya gereji Pimbi akaokota vyote alivyotupiwa, akafunga nati hii, akafunga nati ile. Alasiri Bi Nungu akasikia njiani: taratibu-tu, taratibu-tu. Akatoka mbio, miiba inagongana. Kanga anashangilia, Kima anashangilia. Akafungua mlango, akaketi mahali pake, akanyoosha mkono.

Kiti kilikuwa kimevimba, laini, kama tumbo la mja mzito.

"Fundi... kiti."

"Ah, hicho! Nilikuonea huruma, Bi mkubwa. Nimekishindilia sufi, nikakivika ngozi mpya. Papasa! Hakuna tundu hata moja."

"Na ile ngozi ya zamani?"

"Nimeichoma moto. Ilishaoza."

Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Ahsante, Fundi," akasema Bi Nungu. "Kimependeza."

Vigelegele vikapigwa. Kesho yake alasiri hakwenda kuketi garini, wala kesho kutwa. Wiki ya pili Kanga akaingia humo kutagia mayai, maana kiti, alisema, ni laini mno.

Funzo lake, wajukuu: haki ya mnyonge haipotei. Na mkimpata fundi mwenye moyo mwema, mwacheni amalize kazi yake yote.

Ngano yangu imefika uani, imezima injini. Aliyecheka amecheka; aliyeelewa na ampe bibi maji.