Nyuki Walipompita Kasanda

Ngano naileta!
— Ilete!
Nimeibeba kwa nini?
— Kwa mdomo!
Niitue wapi?
— Itue masikioni mwetu!

Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole. Ngano hii ina sehemu za kunong'ona.

Hapo zamani, si zile zamani za wanyama kusema, bali zamani za makanisa ya nyasi, palikuwa na kijiji cha warina asali kikiitwa Itundulu. Pori mbele, pori nyuma. Mtoto wa huko alijua kupanda mti kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Kanisa la Itundulu lilikuwa na desturi yake. Wakitaka kumtuma mtu kazi ya Bwana, hawakunyoosha mikono. Walikuwa wamejaribu kunyoosha mikono, ikawa kila mtu anamnyooshea shemeji yake. Wakaacha. Wakasema, tuombe, kisha tuwaachie nyuki, maana nyuki hawana shemeji.

Ilikuwa hivi. Majina matatu hutajwa. Kila aliyetajwa hutengeneza mzinga wa gome, na magome yote hutoka mti mmoja. Ndani mzinga uwe mtupu, usipakwe nta, kwa sababu nta ndiyo inayowaita nyuki. Kwenye kifuniko mwenyewe huchoma alama yake kwa chuma cha moto. Wazee huitundika mizinga yote kwenye mninga mmoja porini, halafu ni mwiko mtu kusogea pale mpaka Jumapili ya tatu. Siku hiyo kanisa zima huenda kutazama. Mzinga walioingia nyuki, mwenye alama ile ndiye anayekwenda.

Sasa, watu wa Usambwe, ng'ambo ya pori, walileta ujumbe. "Tunataka mtu wa kutufundisha Neno la Mungu. Aje akae nasi. Nyumba tumeshajenga."

Aliposikia hayo, Kasanda alikwenda nyumbani akapiga pasi kanzu yake.

Kasanda ni nani? Ni mwalimu wa wanaojiandaa kubatizwa. Miaka kumi na minane alifundisha pale Itundulu, mvua inyeshe, jua liwake. Hakulewa, hakutukana, hakukosa ibada. Na tangu ujana wake alitamani kitu kimoja tu, Bwana amwite kwa jina mbele za watu, amwambie nenda. Kila siku alikuwa anangoja kuitwa. Sasa Usambwe hiyo.

Mzee Ngassa, mkubwa wa wazee wa kanisa, akasimama kutaja majina.

"La kwanza, Mwalimu Kasanda." Watu wakaitika amina.

"La pili, mama yetu Nyanzala." Huyo ni mjane mmoja, mwombaji hodari. Watu wakaitika amina.

"La tatu, Limbu."

Kasanda akageuza shingo. Limbu yupi? Yule Limbu aliyekuwa mwizi wa asali? Aliyeshusha mizinga ya nusu ya kijiji? Aliyebatizwa juzi, anayesoma huku kidole kinatambaa kwenye mstari? Huyo huyo. Na hizo herufi anazozifuata kwa kidole, nani alimfundisha? Kasanda!

Hapo, jamani, kitu kikamwingia Kasanda kifuani, kikavuta kigoda, kikakaa. Mnalijua jina lake?
— Wivu!
Haya, umefika.

Jioni ile mkewe akampakulia ugali. Hakula. Alikuwa anajisemea, "Mimi nilitangulia, yeye alifuata. Mimi nimefundisha, yeye kafundishwa. Kwa nini jina lake lisimame kando ya langu?"

"Baba Mihayo, ugali unapoa," mkewe akasema.

"Nilimshika mkono huyu, Mama Mihayo. Nikamwandikia a, e, i, o, u mavumbini."

"Sasa ulitaka Mungu aje kwanza kukuomba ruhusa?"

Kasanda akasukuma sahani. Mwanamke naye akaivuta kwake, akala.

Mizinga ikatengenezwa. Kasanda akachoma alama ya msalaba, Nyanzala mistari miwili, Limbu duara. Wazee wakaitundika bila kupanga. Nani ashike akilini upi uko tawi gani, na alama zipo?

Wiki ya kwanza ikaanza, na kila kitu cha Limbu kikawa kinamuudhi Kasanda. Limbu akiitika amina, ni kelele. Limbu akinyamaza, anajifanya mnyenyekevu. Mtoto akimwamkia Limbu kabla yake, siku nzima imeharibika. Siku ya nne, saa za watu kuwa mashambani, Kasanda akachukua donge la nta akalifunga kwenye leso. Akaenda kwenye mninga.

Akapanda. Akaufungua mzinga wenye msalaba, akaupaka nta tumboni mote. Akajisemea, "Sijamdhulumu mtu. Namsaidia Mungu tu." Mmesikia? Anamsaidia Mungu, kwa nta!

Wiki ya pili akarudi kuchungulia. Nyuki watano, sita, walikuwa wanazunguka mzinga wake, wale wanaotumwa kukagua nyumba. Mrina asali mwenye akili angeshuka, akaenda zake, akangoja. Lakini wivu haujui kungoja. Kasanda akaona watano ni wachache. Akarudi nyumbani kuchukua kibuyu cha asali, akaimimina ndani ya mzinga.

Jamani, asali mbichi mtini! Mtoto wa Itundulu wa miaka saba asingefanya hivyo. Kesho yake sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kwenye shina mpaka kwenye mlango wa mzinga, wanapishana na kusalimiana. Nyuki hawakai nyumba moja na sisimizi. Siku ya tatu Kasanda alipokuja, nyuki wote wa kukagua walikuwa wamehamia kwenye mzinga wenye duara.

Wa Limbu.

Akasimama chini ya ule mti akilia kwa hasira. "Mimi nilitangulia, yeye alifuata. Mimi nimefundisha, yeye kafundishwa. Bwana, hunioni? Miaka yote hii umekuwa unamtazama nani?"

Kisha akafuta machozi, akapanda mara ya tatu. Hakugusa asali wala nta. Alifanya jambo dogo kabisa. Alikitoa kifuniko chenye duara, akakitoa na kile chenye msalaba, akavibadilisha. Magome ya mti mmoja, vifuniko vipimo sawa. Mzinga uliopendwa na nyuki ukawa na msalaba, na mzinga wa sisimizi ukawa na duara. Akashuka. Usiku huo alikula ugali, akaomba kuongezewa mboga.

Jumapili ya tatu ikafika. Kanisa zima likaenda porini na ngoma. Wageni wawili wa Usambwe walikuwapo, wamekuja kumpokea mwalimu wao. Kasanda alikuwa mbele, ndani ya ile kanzu. Shukrani zake alikuwa ameshazipanga, na pale pa kulia kidogo alikuwa ameshapajua.

Wakafika. Wakatazama juu.

Nyuki walikuwa wameingia, ndiyo. Wameingia wengi, wanaunguruma. Lakini wameingia kwenye mzinga wenye duara!

Mnauliza imekuwaje? Sisimizi, wakimaliza asali, wanakaa kufanya nini? Waliilamba yote, wakaenda zao. Nta ikabaki. Nta, safi, tumbo zima la mzinga, na harufu yake inatangaza. Kundi zima la nyuki likahamia humo. Ule ulikuwa mzinga wa Kasanda mwenyewe, kwa nta ya Kasanda mwenyewe, na kifuniko cha Limbu juu yake, kwa mkono wa Kasanda mwenyewe.

Nyanzala akapiga vigelegele. Ngoma zikalia. "Limbu! Limbu! Bwana amemtaka Limbu!"

Limbu akapiga magoti chini, amefunika uso kwa mikono.

Kasanda alitakiwa anyamaze tu. Angeshika adabu yake, angepeana mikono na watu, siri ingekufa naye. Lakini kile kilichokaa kifuani hakikuweza kuvumilia vigelegele vile. Kikasimama. Kikafungua kinywa chake kwa nguvu.

"Ule mzinga ni wangu!"

Ngoma zikakatika.

"Wako?" akauliza Mzee Ngassa. "Mwalimu, alama ni ya Limbu."

"Kifuniko ndicho cha Limbu. Mzinga ni wangu!"

"Umejuaje?"

Lo! Mnaona mtu alivyojifungia mlango na ufunguo ukabaki nje? Kasanda akatazama kulia, akatazama kushoto. Mkewe akainamisha kichwa. Basi akasema yote, pale pale, akiwa amevaa kanzu. Akasema ya nta. Akasema ya asali. Akasema ya vifuniko. Kila alilolisema lilimshusha, mpaka akajikuta amekaa chini mavumbini, karibu na Limbu.

Watu wakaanza kuguna. Wengine wakasema afukuzwe ualimu. Mzee Ngassa akainua mkono.

"Desturi yetu inajulikana," akasema. "Nyuki wakichezewa, hatutundiki tena. Aliyeharibu uchaguzi ndiye atakayeutengeneza kwa kinywa chake. Kasanda, omba, kisha taja mtu wa kwenda Usambwe."

"Nitaje yeyote?"

"Yeyote."

"Nikitaja jina langu?"

Mzee Ngassa akamtazama sana. "Ukilitaja, utakwenda. Hatutakuzuia. Hesabu yake utafanya na Bwana."

Jambo ambalo Kasanda alilitaka maisha yake yote lilikuwa limewekwa kwenye ulimi wake. Angelisema tu.

Akafungua kinywa mara ya kwanza. Jina lake likaja mpaka kwenye meno. Akatazama wageni wa Usambwe, wakamtazama nao, wakitafuta usoni pake yule mwalimu waliyemjengea nyumba. Akafunga kinywa.

Akafungua mara ya pili. Akawaza, kama si mimi, basi awe mwingine, awe yeyote, ilimradi asiwe yule. "Nya..."

"Mwalimu," Nyanzala akamkata. "Usinitaje ili kumkomoa mtu. Mzinga wangu nao haukuingiwa na nyuki, na usingizi naupata."

Kasanda akafunga kinywa. Akageuka akamtazama Limbu, kwa mara ya kwanza tangu majina yalipotajwa. Ndipo akakumbuka jambo, na hakulipenda, maana lilimchoma.

Alikuwa anafundisha Sala ya Bwana. Walipofika "utusamehe makosa yetu", Limbu aliinuka, akatoka darasani bila kuaga. Kasanda alikasirika, akasema wezi hawajui adabu. Siku tatu Limbu hakuonekana. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kwa watu wote aliowaibia asali, anapiga magoti mlangoni, anasema ni mimi. Wengine walimsamehe, wengine walimpiga. Siku ya nne alirudi darasani, mdomo umevimba, akauliza, "Mwalimu, maneno yanayofuata ni yapi?"

Miaka kumi na minane Kasanda alikuwa akiyafundisha maneno yale, na hakuna hata siku moja yalipomwinua kutoka kwenye kiti.

Akafungua kinywa mara ya tatu. Machozi yakatangulia.

"Ninaona wivu," akasema. "Hata sasa hivi ninaona wivu, msidhani umeniisha. Lakini Bwana amemtaka Limbu. Nilijua tangu siku ile jina lake lilipotajwa. Ndiyo maana niliogopa."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Limbu alinyanyuka, akamnyanyua na mwalimu wake, akamkung'uta vumbi kanzuni kwa viganja.

Asubuhi yake wakaondoka kwenda Usambwe. Wageni mbele, Limbu nyuma yao, na nyuma kabisa Kasanda, amejitwisha mzigo wa Limbu kichwani. Hakuna aliyemwagiza. Mzigo ulikuwa mzito, na moyo nao ulikuwa bado unamuuma, kila hatua.

Wakafika pale njia inapoingia pori kubwa. Kasanda akautua mzigo.

"Mwalimu," Limbu akasema, "mimi sijui kufundisha. Nikifika kule nianze na somo gani?"

Kasanda alikuwa na masomo tele. Miaka yote ile, masomo yalikuwa yamejaa kichwani mwake. Akatafuta, akatafuta. Mwisho akasema:

"Anza na mimi."

"Na wewe vipi?"

"Wasimulie. Nta, asali, vifuniko, yote. Waambie Mungu alimwita mwingine, na mimi nikakasirika. Na jina langu usilifiche."

Akamtwisha Limbu mzigo wake, akarudi nyumbani. Darasa lilikuwa linamngoja.

Na Limbu alisimulia. Usambwe wakasimulia wengine, wengine wakanisimulia mimi, na mimi nimewasimulia nyinyi.

Nilipotoka kule nilikuta wanakula ugali kwa asali. Nikaomba tonge, wakaniambia nenda kwanza kasimulie.
— Umesimulia!
Nimemaliza?
— Umemaliza!
Basi nakwenda kula tonge langu. Na asiyeamini, mninga ule uko palepale, apande akawaulize nyuki.