Kipusa, Paka Aliyekuwa Akianguka

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, bibi wa bibi yangu hajaota hata jino, palikuwa na msusi wa mikeka aitwaye Mize. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Alikuwa na paka wake, Kipusa, mweupe mwenye sikio moja jeusi.

Asubuhi moja Kipusa alikuwa akinywa maziwa. Puu! Akaanguka. Miguu ikakakamaa, kisha ikapiga ardhi: tapa-tapa-tapa. Povu likamtoka. Mize akamkumbatia kwa nguvu, akaparurwa mikono yote miwili. Mara paka akatulia, akainuka, akayumba kama mlevi.

Baada ya siku nne, puu! Tapa-tapa-tapa. Baada ya siku sita, tena.

Mize akabadilisha chakula. Wapi! Akafukiza ubani. Wapi! Majirani wakasema paka ana pepo, na pepo akichoka na paka ataingia kwa watu. Jumbe wa kijiji akaamuru: Ijumaa Kipusa aletwe uwanjani, atiwe kikapuni, akatupwe mtoni.

Mize akakimbilia kwa Bibi Mafunda, mkunga aliyewapokea duniani nusu ya watu wa kijiji kile. Alitaka dawa. Bibi hakumpa dawa, alimpa maswali. Paka huanguka wakati gani? Hukaa chini muda gani? Mize hakujua. Kila Kipusa alipoanguka, yeye alifumba macho akalia.

Basi Bibi Mafunda akahamia kwa Mize na kibao chake cha kukalia. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, puu! Bibi hakumshika. Alisogeza vyungu, akahesabu polepole mpaka paka akatulia.

"Ni nini, bibi?" Mize akauliza.

"Sijui, mwanangu."

Mize akavunjika moyo. Kama Bibi Mafunda hajui, nani atajua?

Ijumaa ikafika. Watu wakajaa uwanjani. Mize akamtua Kipusa chini, na kabla jumbe hajasema neno, puu! Tapa-tapa-tapa. Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Mize naye alitaka kufumba macho. Bibi Mafunda akamshika mkono.

"Mtazame. Hesabu nami."

Wakahesabu wote wawili. Moja, mbili, tatu. Walipofika ishirini, sauti za watu zikaanza kujiunga, moja moja. Walipofika hamsini na tatu, Kipusa akatulia. Akainuka. Akayumba. Akamwendea jumbe, akalia nyau, akanusa kitoweo ambacho jumbe alikuwa amekishika mkononi.

Mtu mmoja akacheka. Kisha wote wakacheka, na jumbe pia.

"Mmeona," akasema Bibi Mafunda. "Huu ni ugonjwa. Unakotoka sikujui. Najua kwamba hupita."

Jumbe akaangalia kikapu, akaangalia paka. Akasema kikapu kirudi kubebea mihogo. Mize akaketi palepale vumbini, akalia machozi ya furaha, Kipusa mapajani.

Asubuhi ya pili yake mama mmoja, Zawena, akabisha hodi kwa Mize, ambako Bibi Mafunda alikuwa bado anakaa. Nyuma yake alikuwa bintiye, Sikudhani, ambaye kijiji kilikuwa hakijamwona kwa miaka miwili. Naye alikuwa akianguka, na mama yake alimficha ndani kwa kuogopa watu. Mize akawatandikia mkeka mpya. Hakuna aliyemkimbia Sikudhani.

Kipusa hakupona kabisa. Alianguka mara moja kwa mwezi, baadaye mara moja kwa msimu, akaishi mpaka akazeeka. Na kila alipoanguka, Mize alisogeza vyungu, akahesabu.

Wahenga wamesema, usilolijua ni usiku wa giza. Bibi Mafunda aliongeza lake: gizani tunapapasa kwa mkono, hatupigi rungu.

Hadithi yangu imefika kwao, nami naitua hapa.