Treni Iliyopeleka Kahawa Barazani

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi hii siimalizi mimi. Nikifika mwisho nitawageukia, na kila mmoja atanipa jibu lake, mkubwa kwa mdogo.

Tabora, katika mtaa ulio nyuma ya stesheni, waliishi ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja. Mkubwa aliitwa Shija, fundi wa redio na feni. Kipaji chake kilikuwa subira ya mikono. Kitu kilichokufa alikaa nacho mpaka kikaona haya, kikawaka. Wa kati alikuwa Nyamizi, fundi wa vigae. Kipaji chake kilikuwa jicho. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajapewa kiti alishajua sakafu imeinamia upande gani, na hakuwa na adabu ya kunyamaza. Kitinda mimba ni Kalunde, muuza mitumba, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Huyo sina haja ya kumweleza zaidi, mtamsikia wenyewe.

Baba yao, mzee Mihayo, alipeperusha bendera stesheni mpaka akastaafu. Alipoachana na treni za watu, akajitengenezea ya kwake. Katika chumba cha uani aliunga milango mikuukuu ikawa meza iliyojaa chumba kizima, akatandika reli za vyuma vya miavuli juu ya mataruma ya mianzi, akafinyanga mlima kwa magazeti na uji wa ngano. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki. Kichwa cha treni alikikunja kwa bati, akakitia mota ndogo, na umeme ukapita relini kutoka kwenye betri za tochi. Treni ilitoka Tabora, ikauzunguka mlima, ikarudi Tabora. Nyamizi alikulia chini ya meza hiyo, akiisikia ikipita juu ya kichwa chake, na hakuna sauti aliyoipenda kuliko ile.

Kisha mzee akaugua, akaugua sana. Paa la chumba likavuja, mlima ukalainika ukabonyea, mchwa wakafanya karamu ya mataruma. Siku alipofariki, meza ile ilikuwa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe.

Na hapo msibani likatokea jambo la watu wenye watani. Jeneza lilipotaka kutoka, Chidosa, Mgogo, mtani wa marehemu, alijilaza mlangoni akasema mtu wa reli hasafiri bila tiketi. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, na ndiyo kazi ya mtani. Lakini mama alikuwa amechoka, anataka mumewe apumzike. Badala ya kumtupia mtani kitu kidogo cha kumwondoa njiani, akamwambia aingie ndani achukue anachotaka. Ewe mama, nani humwambia mtani maneno hayo? Chidosa akaingia, akatoka na kichwa cha treni kwapani. Hakuna aliyemzuia. Kumkasirikia mtani ni aibu, na kumdai ulichompa kwa kinywa chako ni aibu kubwa zaidi.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukakaa. Baba mdogo Lutambi, mdogo wake marehemu, ndiye aliyekabidhiwa funguo zote. Alikuwa mfanyabiashara wa asali, na macho yake yalikuwa kwenye chumba cha uani. Alitaka kuweka madumu yake. Akasema meza ipasuliwe iwe kuni za arobaini, kwani treni isiyo na kichwa, isiyo na reli, ni takataka tu, hata kama imetengenezwa na marehemu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nyamizi akasema hapana.

Baba mdogo hakuzoea kuambiwa hapana na binti. Akamtazama, akacheka, akasema mbele ya wote, "Haya. Siku ya arobaini nitakuwa nimekaa barazani. Hiyo treni yenu iniletee kahawa pale nilipokaa, bila mkono wa mtu kuigusa njiani, na isimwagike. Ikiniletea, chumba ni chenu."

"Utaletewa, baba," Nyamizi akajibu. "Na utainywa."

Walipotoka pale Shija alimuuliza dada yake kama ana akili timamu. Nyamizi akaenda kutafuta pima maji yake.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini, msije mkasema sikuwaambia.

Kalunde alikwenda kwa Chidosa. Hakudai kitu. Alitandika mkeka mlangoni kwa mtani, akalala chali, akafumba macho, akatangaza kwamba amekufa, na kwamba maiti ya Mnyamwezi huzikwa na watani wake. Kisha akanyamaza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Majirani wakajaa. Wanawake wakaangua kilio cha mzaha, wengine wakauliza pilau ya msiba inaiva lini. Chidosa akamwagia maji ya baridi, akidai anamwosha, maiti haikujikunyata. Akaleta jembe, akaanza kuchimba. Maiti haikufumbua jicho. Jua likampiga Kalunde usoni mchana kutwa, siku ya gulio, nguo zake zikiwa hazina muuzaji. Mwishowe wenye njaa walikuwa wengi na sufuria za Chidosa zilikuwa chache. Akaingia ndani, akamwekea maiti kichwa cha treni kifuani, akasema, "Sanda yako hiyo, fufuka uende kwenu." Kalunde akafufuka. Mpaka leo sokoni wanamwita Marehemu, na kuna wateja wanaokataa kabisa kupokea nguo mkononi mwake.

Shija alikipokea kichwa kile, akakifungua, akakunja uso. Wajukuu wa Chidosa walikuwa wamekiunganisha na betri ya pikipiki, mota ikaungua, nyaya zote nyeusi. Mota kama ile haikuuzwa duka lolote. Ilibidi isukwe upya, na kwa waya mwembamba kama unywele. Alitafuta gereji zote, akakosa. Waya wa namna hiyo ulikuwa mahali pamoja tu alipopajua, ndani ya transfoma ya redio ya baba. Na redio ile mzee alimwachia yeye kwa jina lake, mbele ya mashahidi, ndiyo urithi wake pekee. Kila jioni Shija alikuwa akiiwasha, akiketi kando yake kama alivyoketi na baba. Akaipasua. Alisuka mota mzunguko kwa mzunguko, waya ukikatika anaanza tena, hadi vidole vikavimba. Mota ilipolia kwa mara ya kwanza, alilia na yeye, na hakujificha.

Nyamizi alibaki na njia. Baba alitengeneza duara, na duara haimfikishii mtu kahawa. Kahawa nayo haipandi mlima bila kumwagika. Kwa hiyo ilibidi aukate mzunguko wa baba, aung'oe mlima wa baba, atoboe ukuta wa chumba, apitishe reli ukumbini juu ya vibao vya ukutani, atoboe na ukuta wa mbele, atokeze barazani. Mama alipoona nyundo imeinuliwa juu ya mlima, alijitanda kanga akaenda kwa jirani, akarudi giza limeshaingia, na siku kadhaa hakusema na binti yake. Majirani walisema anamzika baba yake mara ya pili. Nyamizi aliumia, akaendelea. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa imezama kuelekea barabarani, hivyo kila kibao alikipima kwa pima maji wala si kwa kutazama chini, na palipozidi kidogo alikibandua akaanza upya. Alipofika barazani hakuishia kwenye kiti cha baba mdogo. Alitandika reli baraza nzima, ukuta hadi ukuta, kwa kuwa alimfahamu mzee yule.

Arobaini ikafika. Wazee wakajaa barazani. Baba mdogo Lutambi, kabla hajaketi, alikibeba kiti chake kutoka upande huu hadi upande ule wa mwisho kabisa, akakaa, akakunja nne. Nyamizi alimwona, akauma mdomo asicheke.

Kule uani mama mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, alimimina kahawa katika kikombe kidogo akakiweka, na kisahani chake, ndani ya kopo. Shija akaunganisha betri. Treni ikaondoka. Ukumbini watu walijibana ukutani kuipisha, hakuna aliyepumua kwa nguvu. Barazani kwanza ikasikika sauti, ile sauti, halafu kichwa cha bati kikachomoza ukutani. Kikapita wazee mmoja mmoja, polepole, kahawa ikifuka moshi, kikaenda kusimama mwisho wa reli, mbele ya magoti ya baba mdogo. Kisahani kilikuwa kikavu.

Baba mdogo akakichukua kikombe, na mahali kilipokuwa akaweka ufunguo wa chumba.

"Mmeshinda," akasema. "Lakini ufunguo wa chumba cha marehemu hushikwa na mtu mmoja. Mwenye ufunguo ndiye mwenye kauli juu ya meza ile. Nitajieni jina moja. Nikimaliza kahawa hii hamjanitajia, unarudi mfukoni mwangu, na kesho madumu yanaingia."

Ndugu watatu wakatazamana. Shija alisema akipewa yeye atarudisha mlima na duara, treni izunguke kama baba alivyotaka. Kalunde alisema kwake mlango utakuwa wazi, mtaa mzima uingie utazame. Nyamizi alisema kwake njia itaendelea mbele, na haitarudi nyuma tena. Hakuna aliyesema uongo, na matakwa hayo matatu hayakai chumba kimoja. Nyamizi akaona ujanja wa mzee: amewashindwa wakiwa pamoja, sasa anawatafuta mmoja mmoja.

"Kunywa, baba," akamwambia. "Jina utalipata kabla hujafika kwenye masimbi chini ya kikombe."

Ndiyo, lakini jina la nani? Bila Kalunde kulala maiti juani, treni isingekuwa na kichwa. Bila Shija kuivunja redio yake, kichwa kisingekuwa na uhai. Bila Nyamizi kuuvunja mlima na moyo wa mama yake, treni ingezunguka uani hadi kiyama, na baba mdogo angekufa na kiu. Msiniambie wachonge funguo tatu. Mzee kashasema mtu mmoja, na kufuli ni lake. Msiniambie apewe mama; nimeshamuuliza, amesema yeye alishakosea mara moja kwa kugawa vitu vya mumewe, hatarudia.

Vikombe vya kahawa mnavijua vilivyo vidogo, na baba mdogo ameshapiga funda la kwanza. Haya, semeni upesi: mngekuwa ninyi mmesimama pale barazani, mngemtaja nani?