Pimbi Asiye na Mkia na Wimbo wa Ng'ambo

Hodi, nina hadithi!
— Karibu, itue hapa!
Ina miguu!
— Itembee!
Ina mkia!
— Tutaushika!
Nikiita?
— Tunaitika!
Na asiyeitika?
— Amelala, mwamsheni!

Haya. Jambo la mwisho la kawaida kutokea Majabalini, kabla mambo hayajaharibika, lilikuwa hili: asubuhi Pimbi alipanda juu ya jiwe lake, akalala kifudifudi kuota jua, na tumbo lilipopata joto akaimba:

"Mvua ya Ng'ambo, wamnyeshea nani?"

Kisha akanyamaza kidogo, halafu akaendelea.

Alinyamaza kwa sababu wimbo ule ulikuwa wa watu wawili. Wito ulikuwa wa Pimbi. Jibu, "Hata sisi tumelowa!", lilikuwa la mkewe. Mkewe alichukuliwa na Tai wakati wa masika. Tangu hapo Pimbi aliimba sehemu yake, akaacha nafasi ya mkewe, akaendelea. Hakuijaza nafasi ile wala hakuifupisha.

Wimbo wenyewe ulitoka ng'ambo ya mto, kwa bendi ya vyura. Vyura wa Ng'ambo, wanangu, walikuwa vyura wa kupiga muziki! Besi kroo, kroo! Ngoma du-du-ti, du-du-ti! Upepo ukivuma kutoka huko, sauti ilipanda mpaka juu ya jiwe. Kikitoka kibao kipya, Pimbi na mkewe walikuwa wamekishika kabla hakijapoa.

Sasa, Majabalini kulikuwa na desturi moja: wito hauachwi ukapotea. Ukibisha hodi, mtu ataitika hata kama mdomo umejaa viazi. Ukianza wimbo, aliye karibu ataupokea hata kama ana sauti ya mlango mbovu. Lakini wimbo wa Pimbi hakuupokea mtu. Ulikuwa wimbo wa Ng'ambo.

"Kaka Pimbi," alisema rafiki yake Nungunungu, "sisi tunakupenda. Lakini wale watu hawanawi."

"Umewaona?"

"Nitawaonaje? Wako ng'ambo."

"Umejuaje basi?"

"Kila mtu anajua."

"Na wanakula wamesimama," akaongeza Bi Kanga, jirani wa chini ya jiwe.

"Wewe Bi Kanga, huwa unakula umekaa?"

"Mimi ni wa hapa," alisema Bi Kanga, akaendelea kudonoa amesimama.

Ndivyo walivyokuwa. Walimpenda Pimbi, wakamletea majani laini alipofiwa, wakakaa naye. Lakini akifungua mdomo kuimba, Nungunungu alikumbuka ana shughuli, na Bi Kanga alikumbuka ana mayai.

Mwenyekiti wa Majabalini alikuwa Kiboko. Mdomo kama lango, tumbo kama ghala. Kazi yake ilikuwa kulinda mto, ili watu wa Ng'ambo wasivuke. Kwa ulinzi huo kila nyumba ilimpelekea tikiti. Alilimeza zima, gubu! Akauliza, "Hakuna jingine?"

Ikawa matikiti yanapotea mashambani. Leo shamba la Ngiri. Kesho shamba la Swala. Asubuhi watu wanakuta maganda, mbegu, na mashina yamelala chini. Kiboko akaita mkutano kando ya mto.

"Wezi ni nani?"

"Watu wa Ng'ambo!"

"Hawafanyi nini?"

"Hawanawi!"

"Na nani anawaita?" Kiboko akashusha sauti. "Kila asubuhi kuna mtu anapanda juu, anaimba wimbo wao, halafu ananyamaza. Ananyamaza kwa nini, ndugu zangu? Anasubiri jibu!"

Watu wote wakageuka kumtazama Pimbi.

Pimbi angeweza kusema alinyamaza kwa ajili ya nani. Hakusema. Alimtazama Nungunungu, aliyekuwa akijua, na Nungunungu akatazama miguu yake mwenyewe kana kwamba ameiokota pale pale.

"Pimbi atahama," alisema Kiboko. "Keshokutwa. Jiwe litabaki mali ya Majabalini. Na lile tikiti lililo juu ya jiwe litateremshwa kwa Mwenyekiti, kwa usalama."

Hapo ndipo penyewe. Juu ya jiwe, kwenye ufa wenye udongo, palikuwa na mtikiti uliopandwa na mke wa Pimbi. Ulikuwa umezaa tikiti moja tu, kubwa, la mistari. Matikiti yote ya bondeni yaliguswa; hilo la juu tu halikuguswa. Mwizi, yeyote aliyekuwa, hakuweza kupanda mawe. Na Kiboko, wanangu, anaweza kupanda mawe?

— Hawezi!

Haya.

Kesho yake akapita Mbayuwayu, ndege asiye na mpaka. Anakula mbu wa huku, anakula mbu wa kule, kwake mbu ni mbu. Akatua juu ya jiwe.

"Shikamoo, Mzee Pimbi."

"Marahaba. Habari za Ng'ambo?"

"Wanalia. Matikiti yao yanaibwa. Wanasema wezi ni watu wa Majabali."

"Kumbe!"

"Wanasema pia kwamba hamnawi."

Mbayuwayu akaendelea, "Lakini muziki, Mzee! Ule wimbo wa mvua unaouimba wameutia mtindo mpya juzi. Wakishasema 'wamnyeshea nani', ngoma inakata. Kimya! Hapo kila mchezaji mwenye mkia anageuka, anainua kiuno, anapiga mkia, pa! pa! Kisha wanapiga kelele: Hoi!"

"Juzi?"

"Juzi. Na anayecheza kuliko wote ni mgeni rasmi wao. Sijui ametoka wapi. Mnene!"

"Mnene kiasi gani?"

"Akikaa, mto unapanda."

Pimbi alicheka. Hakuwa amecheka tangu masika, na kicheko kilitoka na kutu kidogo, kri-kri-kri.

Angekwenda kuwaambia wenzake? Nani angemsikiliza? Angemtuma Mbayuwayu? Wangesema ni ndege wa huku na kule. Pimbi akalala kifudifudi, akawaza mpaka tumbo likapata joto.

Siku ya kuhama ilipofika, watu wote walikusanyika chini ya jiwe. Kiboko akaja mbele, mdomo umeshaanza kulowa. Pimbi akaliteremsha tikiti polepole, akaliweka kwenye majani.

"Mzee Mwenyekiti," akasema, "ninahama. Tikiti hili alilipanda marehemu mke wangu. Sikatai kulitoa. Ila naogopa lisije likaangukia kwa mtu anayependa nyimbo za Ng'ambo."

"Hapa hayupo!" alinguruma Kiboko.

"Basi tupime. Niimbe ule wimbo kwa mara ya mwisho. Atakayekaa bila kutikisika mpaka mwisho, ndiye mwana wa Majabali kwelikweli. Achukue tikiti."

Watu wakanong'ona. Kiboko akalitazama tikiti. Tikiti likamtazama Kiboko.

"Imba," alisema. "Mimi kwa nyimbo hizo sitikisi hata ukucha."

Wakakaa kwenye duara. Pimbi akaanza kupiga ngoma kwa nyayo zake juu ya jiwe, du-du-ti, du-du-ti.

"Mvua ya Ng'ambo, wamnyeshea nani?"

Du-du-ti! Shingo ya Bi Kanga ikaenda mbele, ikarudi nyuma. "Huu ni mwendo wangu wa kawaida," alisema haraka. Wakamtoa kwenye duara.

"Mvua ya Ng'ambo, wamnyeshea nani?"

Du-du-ti! Miiba ya Nungunungu ikalia, cha-cha-cha. "Ni baridi," alisema Nungunungu, na jua lilikuwa la utosini. Wakamtoa. Wakamtoa Ngiri, aliyekuwa akitikisa kichwa. Wakamtoa Swala, kwato zake zilikuwa zimeshaondoka bila yeye.

Akabaki Kiboko peke yake. Macho ameyafumba. Meno ameyauma. Jasho linamtiririka. Analiwaza tikiti.

Pimbi akapiga kwa nguvu zaidi, du-du-ti! du-du-ti! Akaimba kwa sauti ya vyura, ya puani, yenye madaha:

"Mvua ya Ng'ambo, wamnyeshea nani?"

Ngoma ikakata. Kimya.

Ni kile kile kimya cha kila asubuhi, wanangu. Watu wa Majabali walikijua. Walikuwa wamezoea kukipita kama mtu anavyopita nyumba iliyofungwa.

Kiboko akageuka! Akainua kiuno! Mkia, pa! pa!

"HOI!"

Majani yakaruka. Bi Kanga akaanguka chali. Kiboko akafumbua macho, akajikuta ameelekeza makalio kwa wananchi wake.

Mbayuwayu, kutoka juu, akapiga makofi kwa mabawa.

"Hivyo hivyo! Mtindo wenyewe! Bwana Mgeni Rasmi, kumbe ni wa huku?"

"Mgeni rasmi wa wapi?" aliuliza Ngiri.

"Ng'ambo! Jioni anawachezea na kuwaambia wezi ni ninyi, na asubuhi matikiti yao hayapo."

"Uongo!" alipiga kelele Kiboko. "Wimbo nimeusikia kwenye upepo, kama Pimbi!"

"Sauti inaletwa na upepo," alisema Pimbi. "Na mkia nao uliletwa na upepo?"

"Basi... basi ni Pimbi! Pimbi ndiye amenifundisha kucheza!"

Watu wakageuka kumtazama Pimbi. Pimbi akageuka naye, taratibu, akawaonyesha alipotakiwa kuwa na mkia. Palikuwa laini kama yai.

"Kwa mkia upi, Mwenyekiti?"

Lo! Walicheka mpaka Swala akakaa chini. Halafu wakaacha kucheka, maana kila mmoja alikumbuka shamba lake. Wakamwendea Kiboko kwa pamoja, pembe, kwato na miiba. Kiboko akakimbia, gudu-gudu-gudu, akajitupa mtoni, chubwi! Ng'ambo nao, waliokwisha kupashwa habari na Mbayuwayu aliyetangulia kuruka, walikuwa wamesimama ukingoni na fito. Akabaki katikati. Yuko humo mpaka leo. Anatoa pua, anasikiliza kama watu wameondoka, anaizamisha tena.

Nungunungu akamwendea Pimbi.

"Kaka, tumekosa. Jiwe ni lako."

"Nashukuru."

"Kumbe wale watu si wezi."

"Si wezi."

"Lakini kunawa..." Nungunungu akakuna shingo. "Kunawa hawanawi."

"Wao wanasema ninyi ndio hamnawi," alisema Mbayuwayu.

"Sisi?" Nungunungu aliruka. "Wametuona wapi?"

Pimbi alikuwa akilisukuma tikiti kurudi juu ya jiwe.

Fundisho, wanangu. Kila hadithi ina fundisho, na la hii mlishike vizuri: nyimbo za wageni ni hatari. Mtoto akizoea nyimbo za wageni, ataishia kumjua mwizi wa kwao, na kijiji kitabaki bila mwenyekiti. Kwa hiyo zibeni masikio. Na yule asiyeweza kuziba masikio, basi akate mkia mapema.

— Aa! Na Pimbi je?

Pimbi amefanya nini?

— Tuambie ya kesho yake!

Kesho yake asubuhi Pimbi alipanda juu ya jiwe, akalala kifudifudi. Jua likaja. Tumbo lilipopata joto akaimba:

"Mvua ya Ng'ambo, wamnyeshea nani?"

Akanyamaza, kama kawaida yake.

Chini ya jiwe kitu kikalia, cha-cha. Kilichelewa, kisha kikaharakisha kupita kiasi, cha-cha-cha-cha. Halafu sauti ya mlango mbovu ikasema, "Hata... hata sisi tumelowa."

Alikuwa Nungunungu. Wimbo ameukosea mapigo, na sauti ameiweka mahali ambapo mke wa Pimbi hakuwahi kuiweka.

Pimbi hakumsahihisha. Alingoja amalize. Kisha akalipasua tikiti kwenye ncha ya jiwe, akateremsha kipande chini, mbegu akazirudisha kwenye ule ufa, akaanza wimbo upya tangu mwanzo.

Hadithi imefika kwao. Nasi twendeni kwetu.

— Tumeitika!