Sikio la Shaba Lililosikia Neno Moja

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kisa!

Kilete kama kilivyo!

Nikilete kibichi au kilichoiva?

Hata chenye mifupa, tutatafuna!

Basi tulieni. Wewe mwenye simu, igeuze kifudifudi, isije ikasikia mambo ya wenzake ikaona haya. Kisa hiki wako wanaokisimulia kwingine, lakini wanakisimulia kama mtu anayekula ndizi na maganda yake. Mimi nitawamenyea.

Hapo kale, kale ya kweli, si kale ya jana na juzi, paliondokea mji uitwao Ndungumale. Ulikuwa na watu. Ulikuwa na kuku. Ulikuwa na kisima kimoja cha wote. Na ulikuwa na mtawala, Jumbe Makata, mtu mwenye tumbo pana na kilemba kipana zaidi. Ndani ya ua wa Jumbe mlikuwa na chemchemi: maji baridi, maji matamu, maji yenye kufuli. Mila ilikuwa hivi. Kisima cha mji kikiharibika, Jumbe hufungua ua wake, watu wakachota kwenye chemchemi mpaka kisima kisafishwe.

Sasa Jumbe atajuaje kwamba kisima kimeharibika, na yeye hanywi humo? Mnaona mlivyo wepesi kunyamaza! Atajua kwa sababu ya Bi Zawena, muulizaji wa mji. Kila Jumatatu bibi yule alipita nyumba kwa nyumba.

"Hodi!"

"Karibu!"

"Hamjambo?"

"Hatujambo!"

"Habari za hapa?"

"Njema!"

"Watoto?"

"Wazima!"

Halafu Bi Zawena anakaa. Hasemi. Anakunywa uji aliopewa. Anatazama kuku. Kidogo mwenye nyumba anakohoa, anajikuna shingo, anasema, "Njema, ila..." Enhe! Kwenye "ila" ndipo Bi Zawena alipoinua kichwa.

Maana mnatujua sisi. Nyumba ya mtu inaungua, ukimuuliza habari za asubuhi atakwambia nzuri, ila naomba unisaidie ndoo. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu haanzi na baya. Anayeanza na baya utadhani hakufunzwa na mamaye. Na wazee walishasema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Siku moja akaingia mgeni mjini. Aliitwa Bwana Kokotoa. Jina hilo alijipa mwenyewe, mama yake alimwita vingine. Viatu vyake vilikuwa vinalia kwee, kwee, na kwenye mkokoteni alileta sanduku lenye pembe kubwa ya shaba, mdomo wazi kama ua la boga. Ubavuni mwa sanduku zilining'inia chupa mbili za kioo.

"Jumbe," akasema, "hili ni Sikio la Shaba. Halichoki, halinywi uji, halipendelei mtu. Linamsalimu kila apitaye. Akijibu jema, linadondosha shanga nyeupe. Akijibu baya, linadondosha shanga nyeusi. Jioni unatazama chupa, unaujua mji wako mzima bila kutoka kitini."

"Bila kutoka kitini?" akauliza Jumbe. Katika maneno yote, hilo ndilo lililomwingia.

Bi Zawena alikuwepo. Akauliza, "Mwanangu, hilo Sikio lako linasikiliza mpaka wapi?"

"Neno la kwanza, bibi. Neno la kwanza latosha. Mengine ni kelele."

"Haya," akasema Bi Zawena. Siku hiyo hiyo akaachishwa kazi, akashukuriwa kwa kanga moja. Kanga yenyewe ilikuwa na tundu, nyie!

Sikio likawekwa njia panda, karibu na soko. Watu wakapanga foleni kusalimiwa na pembe. Watu wazima na ndevu zao! Pembe inauliza, "Habari za nyumbani?"

"Njema, ila mbuzi wangu kapotea."

Tak! Nyeupe.

"Njema, ila mume wangu kahamia kwa jirani."

Tak! Nyeupe.

"Njema, ila leo tunazika."

Tak! Nyeupe.

Mnacheka? Chekeni. Juzi hapa simu imekuuliza kama umefurahia huduma, ukabonyeza nyota tano ili ikuondokee usoni. Nimekuona. Tuendelee.

Jioni chupa nyeupe ilijaa pomoni, chupa nyeusi ilikuwa na buibui. Jumbe akafurahi mpaka kilemba kikalegea. Akatoa amri: tangu leo mganga asimtibu mtu yeyote asiyeleta shanga nyeusi kutoka kwa Sikio. Kwa nini dawa zichezewe na watu wasio na ugonjwa?

Ikaja masika. Mvua ikabomoa ukingo wa kisima, maji ya zizi la ng'ombe yakatiririkia ndani. Watu wakaanza kuumwa matumbo.

Katika mji ule alikuwepo mfinyanzi, jina lake Mwanamvua, mwanamke wa mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alikuwa na binti mmoja tu, Kibibi, wa miaka saba. Kibibi akaanza kuendesha. Siku ya kwanza akakataa chakula. Siku ya pili akakataa kusimama. Siku ya tatu akakataa hata kulia. Mtoto akikataa kulia, ndugu zangu, hapo hapana mzaha.

Mwanamvua akakimbia kwa mganga.

"Shanga nyeusi iko wapi, mwanangu?" akauliza mganga.

"Baba, mtoto anakufa!"

"Naona. Lakini kichwa changu nakipenda. Leta shanga."

Mwanamvua akakimbia njia panda, akapanga foleni, zamu yake ikafika.

"Habari za nyumbani?"

"Njema, ila Kibibi wangu ha..."

Tak! Nyeupe.

"Ngoja! Sijamaliza!"

"Umeshasalimiwa, mama," akasema Bwana Kokotoa. "Mwingine!"

Akarudi nyuma ya foleni. Akajiapiza. Akang'ata meno. Zamu yake ikafika.

"Habari za nyumbani?"

"Mbaya!"

Foleni nzima ikashika vinywa. Mwanamke ameitukana nyumba yake mwenyewe! Tak! Nyeusi, ya kwanza tangu Sikio lije. Mwanamvua akanyoosha mkono, lakini Bwana Kokotoa akawahi na kibano, akaidonoa shanga ile chupani.

"Mama, leo nina nyeupe mia mbili na nyeusi moja. Hiyo moja ni kosa. Nikiiacha itanichafulia hesabu."

"Kosa?" akasema Mwanamvua. "Mwanangu ndiye kosa?"

"Sijasema mwana. Nimesema shanga." Akaitia mfukoni.

Mara ya tatu akaenda kwa Jumbe mwenyewe, na Bi Zawena akamsindikiza.

"Jumbe," akasema Bi Zawena, "Sikio lilipokuja, kila siku lilisalimu watu mia nne. Leo limesalimu mia mbili. Wale mia mbili wengine wako wapi?"

"Hao waliopita wamesemaje?" akauliza Jumbe.

"Njema."

"Wote?"

"Wote waliohesabiwa."

"Basi ni mia juu ya mia! Unalalamikia nini?"

"Waliobaki wako kwenye mikeka, Jumbe. Mgonjwa hajikokoti mpaka njia panda ili asalimiwe na pembe. Kisima kimeoza. Fungua ua."

"Bi Zawena," akasema Jumbe, akatabasamu kama anayembembeleza mtoto, "una wivu na chombo. Nenda ukapumzike. Kesho nafanya sherehe ya uzima wa mji wangu. Hakuna mji mwingine wenye mia juu ya mia."

Mwanamvua akafungua mdomo. Akaufunga. Mwanamke yule akinyamaza, jihadharini. Kisha akapiga goti, sauti laini kama udongo mbichi.

"Jumbe wetu, umesema kweli. Basi nipe ruhusa mimi nilete maji ya sherehe. Nina mtungi mpya, haujaguswa."

"Ruhusa umepata, mwanangu. Umeona, Bi Zawena? Huyu ana adabu."

Wakatoka. Njiani Bi Zawena akamuuliza, "Unafanya nini, wewe mtoto?"

"Bibi, wewe mkalie Kibibi. Mpe maji ya dafu, kijiko kwa kijiko, usichoke. Mimi kesho nitamtafutia shanga."

Asubuhi ngoma zikalia. Wenye miguu wakaja, wasio na miguu wakabaki mikekani. Jumbe akaketi, Bwana Kokotoa kulia kwake, Sikio limebebwa mpaka pale na kuvishwa maua, kama bi harusi. Mwanamvua akaingia na mtungi kichwani. Akautua. Akachota bakuli, akanywa yeye kwanza, funda moja, watu wote wanaona.

"Jumbe, haya ni maji ya kisima chetu. Ndiyo yaliyotupa uzima wa mia juu ya mia. Watu wako wanayanywa kila siku. Leo tunaomba mwenye mji ayanywe pamoja nasi."

Jumbe akamgeukia Bwana Kokotoa.

"Wewe unasemaje?"

"Shanga zimeshasema, Jumbe. Mji ni mzima."

"Vizuri. Basi anza wewe."

"Mimi? Mimi leo nimefunga."

"Umefunga?" akadakia mama mmoja nyuma. "Na hayo mafuta ya maandazi mdomoni ni ya futari ya nani?"

Watu wakacheka. Bwana Kokotoa akajifuta kwa leso, bakuli hakuligusa. Hapo mwenye akili angeshaelewa, si ndiyo? Aliyelileta Sikio hayaamini maji ambayo Sikio limeyasifu! Lakini Jumbe alikuwa na kiburi, na kiburi hakina pua. Akasema mwenye mji haogopi maji ya mji wake. Akanywa bakuli moja. Ili aonyeshe ukubwa wake, akanywa la pili. Ili aonyeshe ukubwa wa ukubwa wake, akanywa la tatu. Vigelegele!

Adhuhuri Jumbe alikuwa anacheza ngoma. Baada ya adhuhuri akawa anaitazama tu. Alasiri tumbo likasema kruuu, ngoma ikapotea ndani yake.

"Mganga!" akaita Jumbe. "Dawa, upesi!"

Mganga akainama mpaka chini. "Shanga nyeusi, Jumbe. Amri ni yako, si yangu."

Jumbe akamwangalia. Akajikokota mpaka mbele ya Sikio, mkono tumboni.

"Habari za nyumbani?"

"Njema, ila tum..."

Tak! Nyeupe.

"Habari za nyumbani?"

"Njema, ila nakufa..."

Tak! Nyeupe.

Mara ya tatu akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Akalitafuta lile neno jingine. Akalitafuta kwenye koo, akalitafuta kwenye jasho. Watu wote macho kwake. Mwenye mji aseme nyumba yake mbaya? Mbele ya wake zake? Mbele ya wakwe?

"Habari za nyumbani?"

"Njema!" akapiga kelele Jumbe, machozi yanamtoka. Tak! Na hapo hapo akakimbilia nyuma ya migomba, kanzu kaishika kwa mikono yote miwili. Mbio zile, wallahi, mpaka leo hazijapata mshindani.

"Mia juu ya mia, Jumbe!" wakampigia kelele kina mama. "Mia juu ya mia!"

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Jumbe hakusubiri kilio, aliumbuliwa na migomba.

Alipotoka huko alikuwa kashika kilemba mkononi. Akamwona Mwanamvua amesimama pale pale.

"Mwanamvua," akasema kwa unyonge, "mbona hunisalimu?"

"Habari za nyumbani, Jumbe?"

"Njema."

Mwanamvua akanyamaza. Akasubiri. Hakusema neno, na hakuondoka.

"Njema," akasema Jumbe, "ila kisima kimeoza. Na ufunguo ninao mimi."

Akautoa shingoni, akampa. Mwanamvua hakushukuru. Alishakimbia.

Ua ukafunguliwa. Watu wakachota. Mganga akapita mikeka yote bila kuuliza shanga. Kibibi akanyweshwa maji ya chemchemi na dawa ya mganga, jua likazama akiwa hai. Kesho yake akalia. Kesho kutwa yake akamgombeza mama yake kwamba uji hauna sukari, na Mwanamvua akacheka na kulia kwa pamoja, kama mwendawazimu.

Lakini msiangue vigelegele bado. Watu saba hawakuamka. Saba kamili, wana majina. Ukilifungua Sikio la Shaba ukalitikisa, hutowakuta humo. Hawakupita njia panda.

Na Bwana Kokotoa je? Mlidhani alipigwa? Mlidhani alifungwa? Watu wa aina hiyo hawafungwi, nyie. Wakati Jumbe yuko migombani, yeye alikuwa ameshapakia mkokoteni. Akasukuma kwee, kwee, mpaka mji wa jirani. Akaitoa ile chupa iliyojaa nyeupe, akainyanyua juani ing'are.

"Tazameni!" akasema. "Huu ndio mji wa Ndungumale, mia juu ya mia!"

Watu wa mji ule wakaitazama chupa. Wakapiga vigelegele. Wakamletea kiti. Hata mmoja, hata mmoja, hakuuliza chupa ile ilijazwa vipi.

Kisa changu nimekitua hapa, anayekitaka akiokote. Kikiwa kitamu, chumvi nimetia mimi. Kikiwa kichungu, mmetafuna vibaya.